Vidonge Nilivyompangia Bi Rukia Pembeni mwa Ratiba ya Mfungo

Toronto, Jumatano, 24 Julai 2013

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ambaye hakifichiki Kwake kilicho mbinguni, kilicho ardhini, wala kilicho ndani ya chupa ya dawa. Amani iwashukie nyote mnaosoma, mlio katika mji huu na mlio mbali nao, wakubwa kwa wadogo.

Ni alasiri. Jua la mtaa wetu, Crescent Town, limekaza, na kiyoyozi cha dirishani kinanguruma bila kutoa baridi yoyote. Niko peke yangu katika ghorofa ya kumi na nne. Nimefunga. Nina hasira tangu alfajiri, na sina nia ya kuificha.

Ukurasa huu wa mtandaoni binti yangu Nasra alinifungulia miaka mitatu iliyopita ili niweke darsa zangu. Leo sina darsa. Leo naandika habari zangu mwenyewe, na asiyetaka kuzisoma azifunge.

Mke wangu, Bi Rukia, yuko hospitali tangu Jumapili. Ini lake limeumia kwa dawa ya kichwa. Si dawa ya mitishamba wala ya kuagizwa kwa siri. Ni vile vidonge vyeupe vinavyouzwa bila cheti cha daktari, rafu moja tu kutoka kwenye peremende, ambavyo kwetu sote tunaviita panadoli. Nyumba yako wewe unayesoma bila shaka inavyo. Asubuhi ya leo wamemtoa damu tena. Kipimo hiki ndicho kitakachosema kama ini linarudi au linaendelea kufa. Nasra yuko naye, na atanipigia simu majibu yatakapotoka.

Mimi siko hospitali kwa sababu Bi Rukia amekataza nisiende.

Msinitumie maneno ya kunifariji. Kabla ya adhuhuri nimekwisha kupokea salamu za watu wanne, na wote wanasema ni kudra. Kudra naiamini, na nimeifundisha kwa miaka arobaini, Tanga na hapa. Lakini anayeitumia kudra kufunika kosa lenye mwenyewe anamsingizia Mola wake, na mtu huyo leo simtaki mlangoni pangu.

Kosa hili lina mwenyewe.

Bi Rukia ana kipandauso tangu ujanani. Humshika upande mmoja, juu ya jicho la kushoto, kikampiga kama nyundo, na mwanga ukawa adui yake. Hutapika. Hujifunga leso kichwani, akavuta mapazia, akalala. Kwa miaka mingi alikuwa akimeza vidonge viwili mara tu dalili zinapoanza, kwa maji ya kutosha, kisha akatulia gizani, na mambo yakaisha. Kilimjia mara mbili au tatu kwa mwezi, mpaka masika ya mwaka huu kilipoanza kumjia karibu kila siku. Dawa ilimfaa kwa sababu aliitumia kwa adabu. Adabu hiyo hakufundishwa na mimi.

Mwaka jana, mfungo ulipoangukia kiangazi, kichwa kilimlazimisha kula siku kumi na moja. Mnajua mfungo wa kiangazi wa mji huu: tunajizuia kabla ya saa kumi alfajiri, na tunafungua karibu na saa tatu usiku. Siku zile kumi na moja alizilipa Disemba, wakati magharibi huingia kabla ya saa kumi na moja jioni. Alifanya sawasawa na sheria. Mgonjwa ana rukhsa, na siku ni siku, iwe fupi au ndefu. Hayo nimeyasomesha mpaka mate yakanikauka.

Mwezi uliopita tulikuwa na wageni sebuleni. Mmoja akauliza kama tumejiandaa kwa joto. Nikasema, kwa sauti ya kusikika jikoni: “Bi Rukia yeye hufunga msimu wa theluji. Joto ametuachia sisi masikini.” Watu wakacheka. Naye akaja na sinia ya kahawa, akacheka pamoja nao, akamimina vikombe vyote bila kumwaga tone.

Walipoondoka aliniambia atafunga thelathini zote mwaka huu. Nami nikafurahi. Nikadhani nimehimiza ibada.

Sasa nieleze upumbavu wenyewe, kwa maana nilimwambia kila mtu kwa kujisifu, na ni haki nimwambie kila mtu kwa aibu.

Kichwa kilimshika siku ya pili ya mfungo. Mchana kutwa hakumeza kitu. Usiku akataka vidonge vyake viwili kama desturi. Nikamwambia subiri. Nikaichukua chupa na kusoma maandishi yake: visizidi vinane katika saa ishirini na nne. Nikaona kwamba vinane ni haki yake ya kila siku, na mchana amepitwa navyo kwa udhuru. Katika elimu yetu aliyepitwa na swala huilipa, na aliyepitwa na funga huilipa. Ndiyo kadha, na niliisomesha kabla Nasra hajazaliwa. Nikahukumu kwamba dozi za mchana nazo zitalipwa usiku.

Dawa ina kadha! Hukumu hiyo niliitoa bila kitabu, bila mwalimu, nimekaa kwenye kochi.

Kwenye mlango wa jokofu tulikuwa tumebandika ratiba ya mfungo iliyochapishwa na msikiti, yenye nyakati za kujizuia na kufungua. Pembeni yake nikachora safu nne kwa rula. Viwili baada ya futari. Viwili baada ya tarawehe. Viwili saa saba na nusu usiku. Viwili wakati wa daku. Vinane ndani ya muda usiofika saa saba, katika mwili wa mwanamke mwembamba wa miaka sitini na sita ambaye tumbo lake lilikuwa tupu tangu alfajiri. Kila alipomeza nilitia alama ya vema kwa kalamu nyekundu, kama nilivyokuwa nikisahihisha madaftari ya wanafunzi.

Halafu akapata mafua. Bwana Shabani, rafiki yangu wa mji jirani wa Pickering, alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam na boksi la paketi za unga wa mafua, ule wa kukorogwa katika maji ya moto. Akatuletea nusu boksi. Bi Rukia akawa anakunywa paketi moja kabla ya tarawehe na nyingine wakati wa daku. Paketi imeandikwa parasetamoli. Chupa ya hapa imeandikwa asetaminofeni. Mimi, ninayeweza kukaa wiki nzima juu ya tofauti ya wanazuoni wawili, sikuuliza kama majina haya mawili ni ya kitu kimoja.

Ni ya kitu kimoja. Alikuwa anaimeza dawa ile ile kwa milango miwili.

Nilionywa. Hilo ndilo linaloniunguza.

Siku ya nane nilikwenda duka la dawa kununua chupa ya pili. Mfamasia pale ni mama Mkenya, mtu wa kanisa, mwenye adabu. Hunisalimu kwa Kiswahili kila siku. Akaishika chupa, hakuniachia.

“Mzee wangu, hii si ulinunua juzi tu? Zimeenda wapi zote?”

Nikamwambia ni za mke wangu, anafunga, na mimi ndiye ninayempangia. Nikamweleza hesabu yangu nikitarajia anisifu.

Akaiweka chupa upande wake wa kaunta. “Hapana, mzee. Ile ya mchana imeisha na mchana wake. Hailipwi. Akikosa, amekosa, anaanza upya kwa viwili, na angoje masaa sita hivi kabla ya vingine. Na huyo mama ni mzee na hajakula. Hata hivyo vinane ni vingi kwake. Mlete nimuone, ama nipigie daktari wake.”

Nikamjibu: “Binti, wewe umesomea vidonge. Mimi nimesomea halali na haramu.”

“Sawa mzee. Lakini ini halijui hizo,” akasema.

Nikatoka bila kuaga. Nikavuka barabara, nikanunua chupa kama ile ile katika duka la vyakula, ambako hakuna anayeuliza. Nyumbani nikamsimulia Bi Rukia kwamba wanawake wa siku hizi hawana heshima kwa wazee. Alikuwa ameegemea ukuta, mkono chini ya mbavu za kulia.

Kuanzia hapo chakula kilimchukiza. Nikasema ni gesi. Akatapika futari mara mbili. Nikasema ni mafuta ya sambusa. Kichwa nacho hakikupungua. Kilimuuma kila siku, na mimi nikaona hiyo ndiyo hoja ya kuendelea. Jumapili alasiri Nasra alikuja kutusaidia kupika. Akamtazama mama yake usoni karibu na dirisha, akanigeukia.

“Baba, macho ya mama ni ya manjano.”

Nikasema ni mwanga.

Nasra si mtu wa kubishana. Alimvisha mama yake buibui, kisha akaenda kwenye jokofu, akabandua ile ratiba, akaikunja, akaitia mkobani. Sikujua anaipeleka wapi.

Aliipeleka kwa daktari. Daktari ni msichana mdogo, sidhani amefika miaka thelathini na mitano. Aliuliza mgonjwa amemeza vingapi na tangu lini. Kabla sijafungua mdomo Nasra akamkabidhi karatasi. Nasra akamtafsiria vichwa vya safu moja moja: futari, tarawehe, daku. Daktari akazifuata alama nyekundu kwa kidole kutoka juu hadi chini, siku kwa siku. Kisha akauliza nani ameandika.

Hapa ndipo nilipofanya jambo baya kuliko yote niliyokwisha kuyataja. Nilisema mke wangu ndiye aliyeshikilia kufunga, kwamba ni mkaidi, na mimi nilimsaidia tu kupanga.

Nilisema kwa Kiingereza changu kibovu, lakini Bi Rukia alielewa. Alikuwa amelala pale, sindano ya dripu mkononi, akageuza uso ukutani.

Nasra alinitoa nje ukumbini. Mtoto huyu hajanipandishia sauti tangu azaliwe, na hata siku ile hakuipandisha. “Baba, umemwandikia mama sumu kwa hati nzuri. Halafu unamsingizia yeye.” Akarudi ndani, akafunga mlango.

Tangu wakati huo nasikiliza habari za mke wangu kwa simu, kama jamaa wa mbali.

Nimelazimika kujifunza kwa kuchelewa, na niliyojifunza nayaweka hapa kwa ukali, kwa sababu upole haukunisaidia mimi. Kile kinachoandikwa kwenye chupa kuwa kisizidi ni ukuta, si haki ya mtu kuifikia kila siku. Daktari alisema kwa mwili kama wa Bi Rukia, kwa umri wake na kwa kufunga kwake, ukuta unasogea karibu zaidi, na mtu huulizia kwanza. Dozi hazikusanywi. Iliyopita imepita. Kati ya moja na nyingine kuna saa za kungoja, na saa hizo hazikatwi kwa ajili ya tarawehe wala kwa ajili ya daku. Kila paketi ya mafua, ya homa, ya mgongo, igeuzwe isomwe, kwa jina la huku na kwa jina la kwetu, maana dawa hii imejificha katika nyingi. Mwenye maradhi ya ini, na anayekunywa pombe, asiiguse kabla ya kumuona daktari.

Na jingine, ambalo hakuna aliyewahi kunieleza. Mwenye kumeza dawa za kichwa nusu ya siku za mwezi au zaidi, mwezi baada ya mwezi, dawa yenyewe huanza kumzalia kichwa. Kumbe tangu masika, Bi Rukia alipoanza kumeza karibu kila siku, kile kichwa kilichokuwa hakiishi tulikuwa tunakilisha wenyewe. Daktari amesema ziko dawa nyingine za kukizuia kipandauso kisije, za cheti, na angepewa zamani kama tungekwenda kuuliza. Hatukwenda. Nyumba ilikuwa na mwalimu.

Saa nane mchana nilimpigia simu Bwana Shabani. Yeye naye huumwa kichwa, na hesabu yangu nilimfundisha mwenyewe, tumekaa msikitini tukisubiri adhana, mbele ya watu watatu. Nilimwambia aache usiku huu huu, amwage zile paketi, na aende akapimwe damu.

“Mwalimu, sasa unafuta fatwa?”

“Sikutoa fatwa.”

“Ulitoa. Ulisema ‘kwa kiasi cha haki yake’. Mke wangu kaiandika.”

“Basi aikate kwa mkasi.”

“Lakini mimi sijambo, Mwalimu. Nameza vinane kama maji na nalala vizuri.”

“Bi Rukia naye alikuwa anasema hivyo, siku ya sita.”

Kisha akaniuliza, na sauti yake haikuwa ya rafiki tena: “Na hao watatu waliokuwa pale, nao utawaambia? Au unaniambia mimi peke yangu ili watu wasijue?”

Nilimkasirikia. Nilikata simu. Lakini alikuwa amenishika pale pale nilipokuwa nimejificha. Nikampigia imamu, nikamwomba dakika tano leo baada ya isha, kabla ya tarawehe kuanza. Akataka kujua mada. Nikamwambia: kosa langu. Akasema itoshe niseme “kosa la baadhi yetu”. Nikakataa. Nimechoka na baadhi yetu.

Nimesali alasiri. Niliomba vibaya, nakiri. Niliomba kwa mtindo wa mtu anayedai. Kisha nikarudi kuandika haya.

Simu imelia saa kumi na mbili kasoro dakika kumi.

Nasra hakusalimu. Alisema: “Zimeshuka.” Sikuelewa. Akarudia polepole, kama anavyosemeshwa mzee kiziwi: zile namba za ini zilizokuwa zinapanda tangu Jumapili, jana zilisimama, na leo zimeshuka, tena sana. Damu inaganda inavyotakiwa. Daktari anasema ini linarudi. Ijumaa wakiendelea kuona hivi watamruhusu. Mfungo wa mwaka huu umekwisha kwake, na kipandauso atakiangalia daktari wa kichwa, si mtu mwingine yeyote. Hayo maneno ya mwisho Nasra aliyatamka kwa kuyakazia.

Nikamshukuru Mwenyezi Mungu kwa sauti. Nadhani nililia. Nikasikia simu inabadilishwa mkono.

“Mwalimu.”

Miaka arobaini na moja ananiita hivyo. Nikasema labeka.

“Ini langu limekusamehe. Mimi bado.”

Nikaanza kusema kitu. Sijui kilikuwa nini. Nadhani kilikuwa na aya ndani yake. Akanikatiza.

“Nyamaza kwanza. Nimesikia na hii ya kusimama mbele ya watu leo. Imamu kamwambia Shabani, na Shabani kampigia Nasra. Simama, useme. Na ule mzaha wako wa sebuleni uuseme vilevile, usiseme vidonge tu ukatoka msafi. Umesikia?”

“Nimesikia.”

“Na Ijumaa ukija kunichukua usije na kitabu. Niletee viatu vyangu vya wazi, vile vipana, miguu imevimba kwa maji yao haya.”

“Nitaleta.”

Akakata.

Naiandikia hasira yangu mahali pake panapostahili, ili isiwapige wengine. Si ya yule mama wa duka la dawa. Kesho asubuhi, Mungu akipenda, nitakwenda kumwomba radhi mbele ya wateja wake. Si ya Shabani wala ya daktari kijana. Ni ya mzee mmoja aliyedhani kwamba kwa kuwa anajua jambo moja kwa kina, basi mengine yote ni matawi ya jambo hilo.

Nimesimama kuvitafuta vile viatu. Havipo mlangoni. Havipo chini ya kitanda. Nimefungua kabati lake, na masanduku mawili juu ya kabati, na kapu lililo nyuma ya mlango wa bafu. Jua limeanza kurudi nyuma ya majengo na mimi bado nazunguka chumba hadi chumba. Sijui anaviweka wapi.

Ee Mola, zilinde nyumba za wanaosoma haya, wape afya wagonjwa wao, na uwape wanaowauguza masikio kabla ya ndimi. Amina.